Mashine ya kupumulia yafanya nini hasa, na mbona tunaiogopa hivi

Kaa maskani yoyote hapa Mombasa, iwe Mji wa Kale, iwe Kisauni, iwe ng'ambo kule Likoni, itaje habari ya mgonjwa alopelekwa ICU, wadi ya wagonjwa mahututi, akawekwa mashine, na kabla kahawa haijapoa kuna mtu ashasema "basi huyo ashaenda." Yanasemwa kwa huzuni lakini kwa uhakika kabisa, na hofu yenyewe ilizidi mno wakati wa korona manake ilikuwa msiba juu ya msiba na kila msiba mashine imetajwa. Kuna familia hukataa kutia sahihi kwa sababu hiyo tu, na mgonjwa wao huko ndani yuwahema mpaka mbavu zahesabika.

Sasa mimi sisemi hofu hiyo imetoka hewani. Ina msingi, na tena utafiti wenyewe ulikuja kuthibitisha kwamba kwa miaka mingi mashine hizi zilikuwa zikiumiza watu kwa namna zilivyokuwa zikitumiwa, nitafika huko. Lakini huwezi kuipata hadithi vizuri kama hujui mapafu yanafeli vipi, kwa sababu yanafeli kwa njia mbili tofauti na kinachomsaidia huyu kinaweza kumzamisha yule.

Hewa tunayovuta, oksijeni ndani yake ni asilimia 21 peke yake. Inashuka mpaka kwenye vifuko vidogo vidogo vya hewa, mamilioni kwa mamilioni, kila kimoja kimezungushiwa vimishipa vya damu vyembamba mno, na hapo ndo oksijeni inavuka kuingia damuni na kaboni dioksidi, ile hewa chafu ya mwili, inavuka kutoka. Chukulia kivuko cha Likoni asubuhi. Feri iko sawa, inaenda na kurudi, lakini geti la kupandia limebana, limebaki upenyo. Watu wa miguu watajipenyeza tu, malori ndo yatakwama. Kaboni ndo hao watu wa miguu, inapenya kirahisi sana, na oksijeni ndo malori. Hiyo ni aina ya kwanza: vifuko vimejaa maji au usaha, labda ni nimonia, labda korona, labda malaria kali iloshuka mapafuni, labda ni mtu alozama Nyali akatolewa mzima lakini kameza bahari. Kifua chapanda na kushuka tena mbio mbio, kaboni yatoka, lakini oksijeni haiingii. Mpaka wanaotumia madaktari ni pale oksijeni kwenye damu ya ateri inaposhuka chini ya milimita 60 za zebaki, kipimo cha shinikizo.

Aina ya pili geti liko wazi lakini feri yenyewe injini imechoka, haivuki. Hapo hapiti lori wala mtu. Mapafu saa zingine ni mazima kabisa, shida iko kwa pampu, yaani misuli ya mbavu na ule msuli mkubwa ulolala chini ya mapafu, au mishipa ya fahamu inayoiamrisha hiyo misuli, au ubongo. Mwenye pumu alohangaika usiku kucha mpaka misuli ikasalimu amri. Mzee alovuta sigara miaka na miaka, au bi mkubwa alopikia kuni kwenye jiko lisilo dirisha, njia za hewa zikaharibika. Alogongwa na nyoka mwenye sumu ya kupoozesha. Alozidisha heroini, na hili sisi watu wa Pwani hatuna haja ya kuelezwa sana. Kwa hawa kaboni inapanda kupita milimita 45, damu inageuka kuwa ya asidi, na mgonjwa anaanza kusinzia. Hapa ndo pa hatari kubwa kwa sisi tulioko nyumbani, manake mtu alikuwa akihema kwa fujo sasa katulia, kafumba macho, na kila mtu anasema alhamdulillahi kapata usingizi, kumbe ndo anaondoka. Mwenye pumu alochoka akanyamaza ni wa kubebwa hospitali sasa hivi, msingoje kupambazuke.

Tuje kwa kile kibanio cha kidole, oksimita, ambacho siku hizi kila mtu anakijua na kwenye grupu la familia swali la kwanza ni "oksijeni ngapi?" Kanuni yake iligunduliwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1970 na injinia mmoja aitwaye Takuo Aoyagi, na ni kifaa kizuri mno, sikidharau. Kinapitisha mianga miwili kidoleni, mmoja mwekundu na mwengine hauonekani kwa macho, na kwa vile damu yenye oksijeni inanyonya mianga hiyo tofauti na damu isokuwa nayo, kinapiga hesabu kinakupa asilimia. Lakini kaboni hakiioni kabisa! Mgonjwa wa aina ya pili ukimfungulia oksijeni nyingi namba itapanda 98, familia yote inashangilia kwenye simu, na kaboni ndani inaendelea kupanda kimya kimya. Ndo sababu daktari huja kuchota damu ya ateri pale kwenye kifundo cha mkono panapopimwa mapigo, inauma kweli, mgonjwa atalalamika, lakini hicho ndo kipimo cha kueleza kaboni na asidi.

Halafu kuna mambo yetu. Niliwahi kumuona nesi kwenye wadi moja hapa mjini anahangaika na shangazi mmoja alotoka harusini, kucha kumi zote zimekolea piko nyeusi ti, kibanio kinasoma 84, kinaruka 91, kinazima. Nesi hakubishana na namba wala hakumsumbua mtu kwa asetoni, alikichukua akakibana sikioni kwenye ndewe, mawimbi yakatulia, 95. Piko nyeusi na rangi nzito za kucha zinaziba mwanga, kidole cha baridi pia kinadanganya, na mtu akitikisika vile vile. Na kuna kubwa kuliko hilo: mwaka 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walilinganisha oksimita na damu ya ateri wakakuta kwa wagonjwa weusi kifaa kilisema mambo mazuri, yaani 92 mpaka 96, wakati oksijeni halisi iko chini ya 88, karibu mara tatu zaidi ya ilivyowatokea wagonjwa weupe, asilimia 11.7 kwa 3.6. Sisi tulio weusi tuiweke akilini hiyo. Namba nzuri na mgonjwa anayeshindwa kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi, muamini mgonjwa.

Kwa watoto wadogo tena kuhesabu kunasaidia kuliko kifaa chochote. Mtoto akiwa ametulia, halii, tazama tumbo lake dakika nzima. Wa miezi miwili mpaka mwaka, pumzi 50 kwenda juu ni nyingi, wa mwaka mpaka mitano ni 40 kwenda juu, kichanga wa chini ya miezi miwili ni 60. Na ukiona chini ya mbavu panaingia ndani kila akivuta, usianze kumsugua mafuta.

Misaada yenyewe inapanda ngazi. Chini kabisa kuna mirija ya puani, lita moja mpaka sita kwa dakika kwa mtu mzima. Juu yake barakoa yenye mfuko. Halafu mashine ya puani ya mkondo mkubwa, inapuliza mpaka lita 60 kwa dakika, hewa imepashwa joto ikatiwa unyevu isikaushe pua. Halafu sipapu, barakoa inayobana uso na kuusukuma upepo ili vifuko visijifunge mgonjwa akitoa pumzi, na ndugu yake bipapu ambayo inasukuma zaidi mtu akivuta na kulegeza akitoa, hii ndo ya aina ya pili hasa, feri inasaidiwa injini. Mwaka 1995 utafiti wa Ulaya kwa watu wenye mapafu yaloharibika kwa muda mrefu ulionyesha barakoa ya namna hii ilishusha walohitaji paipu ya kooni kutoka asilimia 74 mpaka 26, na vifo kutoka 29 mpaka 9. Barakoa tu! Na hao hao wa mapafu ya zamani, oksijeni wapewe kwa kipimo, lengo likiwa oksimita isome 88 mpaka 92 na si 100. Mwaka 2010 kule Tasmania, Australia, wahudumu wa ambulensi walogawa kwa kipimo walipata vifo vichache kuliko walofungua mtungi wote, asilimia 4 kwa 9.

Mwisho wa ngazi ndo paipu ya kooni na ventileta, hiyo sasa tunayoiogopa.

Ilianzaje? Kulikuwa na mapipa ya chuma tangu mwisho wa miaka ya 1920, mgonjwa wa polio alopooza analazwa ndani mwili mzima kichwa peke yake kiko nje, pipa linanyonya hewa kifua kinafunguka. Mwaka 1952 polio ilivamia Copenhagen, Denmark, na hospitali ya Blegdam ilikuwa na pipa moja na vifaa sita vidogo vya kifuani. Wiki tatu za mwanzo, wagonjwa 31 walowekwa kwenye vifaa hivyo, 27 wakafa. Na madaktari walikuwa wanashangaa damu ya wagonjwa ina kiwango kikubwa cha kaboni, wakadhani ni ugonjwa mwengine wa ajabu wa damu. Akaitwa Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi, mtu alozoea kuwapumulia wagonjwa kwa mkono chumba cha upasuaji, akasema hakuna ajabu hapa, hawa hawapumui vya kutosha, kaboni imekwama ndani. Tarehe 27 Agosti akamchukua msichana wa miaka 12 alokuwa anakata roho, akatobolewa koo, ikaingizwa paipu, Ibsen akawa anaminya mfuko wa mpira kwa mkono. Msichana akaishi. Hapo wakaitwa wanafunzi wa udaktari, kama 1,500 hivi kwa jumla, wakaminya mifuko kwa zamu usiku na mchana, kuna wakati wagonjwa 70 kwa mpigo, kila mmoja na mwanafunzi wake kichwani, wiki baada ya wiki. Vifo vikashuka kutoka karibu tisa kwa kumi mpaka karibu robo. ICU za leo zimezaliwa pale, kwa vijana walokuwa wanaminya mipira.

Ukiitazama vizuri hiyo hadithi, hakuna mtu alotibu polio. Waliwashikia watu kupumua mpaka mwili ukajirudi wenyewe. Na ventileta ya leo, pamoja na vioo na kengele zake zote, kazi yake ni ile ile, kushika zamu. Nimonia inatibiwa na antibayotiki, malaria na artesunate, sumu ya nyoka na dawa yake, heroini na naloksoni. Mashine inanunua muda, na kama ugonjwa ulio chini hauna dawa au umeshachelewa, muda wenyewe unaisha. Sehemu kubwa ya ile "ashaenda" ya maskani iko hapo: anayefika kwenye mashine ndo mgonjwa kupita wote.

Lakini si yote, kuna ile sehemu nilosema nitafika. Mapafu yalojaa maji hayajai yote sawa, yale mazima hubaki kidogo, na kwa miaka madaktari walikuwa wakisukuma pumzi kubwa ili damu iwe na namba nzuri, hewa yote ikawa inakimbilia hicho kipande kizima na kukivuta mpaka kinachanika. Mwaka 2000 ukachapishwa utafiti wa Marekani wa watu 861, nusu wakapewa pumzi ya mililita 12 kwa kila kilo, nusu mililita 6, na kilo zinahesabiwa kwa urefu wa mtu, si kwa kitambi, manake mapafu hayanenepi. Wa pumzi kubwa walikufa asilimia 39.8, wa pumzi ndogo 31. Tena kaboni iliruhusiwa ipande kidogo, namba zikawa mbaya kuliko za zamani, na watu wakapona zaidi. Hakuna dawa mpya ilonunuliwa, ni kuzungusha kitufe. Kwa mwanamume wa kimo cha sentimita 170 ni kama mililita 400, haifiki nusu lita. Kwa hivyo mzee wa maskani alomzika mtu miaka ya 90 akasema mashine imemmaliza, huenda hakukosea kote.

Na tangu hapo tafiti nyingi nzuri zimekuwa za upole, si za nguvu. Mwaka 2013 Wafaransa wakaonyesha mgonjwa mahututi wa aina ya kwanza akilazwa kifudifudi kama masaa 16 kwa siku vifo vinashuka kutoka asilimia 32.8 mpaka 16, nusu kwa nusu, kwa kumgeuza! Sehemu kubwa ya mapafu iko mgongoni, na mtu akilala chali moyo na tumbo vinaikandamiza. Ni kazi nzito, watu wanne watano wamshike mmoja mwenye mirija kila mahali, lakini haihitaji umeme wala vipuri. Korona ilipokuja 2020 Waingereza wakapima deksamethasoni, dawa ya bei rahisi ilokuwa kwenye maduka ya dawa miaka yote, na kwa walokuwa kwenye mashine vifo vikashuka kutoka asilimia 41.4 mpaka 29.3, ingawa kwa ambao hawakuhitaji oksijeni haikusaidia kitu, na wapo watu hapa mjini walokuwa wakiimeza nyumbani kama peremende.

Kwa watoto habari ni ngumu zaidi na inatuhusu moja kwa moja. Bangladesh, pale Dhaka, walitengeneza sipapu ya mapovu, paipu ya kutolea pumzi inazamishwa kwenye chupa ya shampuu yenye maji, kina cha maji ndo kinachoweka shinikizo. Mwaka 2015 wakatoa matokeo, kwa watoto wenye nimonia kali vifo vilikuwa asilimia 4 dhidi ya 15 wa mirija ya kawaida. Watu wakaruka, hii hapa dawa ya Afrika. Malawi wakaijaribu sipapu kwenye hospitali ya wilaya, wadi ya kawaida, kwa watoto walokuwa hatarini zaidi, na mwaka 2019 wakatangaza kinyume chake, vifo asilimia 17 kwa wa sipapu na 11 kwa wa oksijeni ya kawaida. Ni kwamba Dhaka kulikuwa na madaktari karibu, na kifaa hiki kinataka jicho muda wote, tumbo likijaa hewa nani ataona, mtoto akitapika nani atamgeuza. Mimi naona utafiti wa Malawi una faida kwetu kuliko ule wa Dhaka, na watu wanaotaka kutuletea mashine kwa makontena wangeusoma kwanza. Utafiti mwengine ulofanywa Kenya na Uganda, ukiongozwa na Profesa Kathryn Maitland wa hapo KEMRI Kilifi, taasisi ya utafiti wa tiba, ulilinganisha mkondo mkubwa wa puani na mdogo kwa watoto walokuwa na oksijeni chini, ukasimama kabla ya kufikisha idadi, dalili zikiwa nzuri kwa mkondo mkubwa kwa wale mahututi lakini si za kukata shauri.

Na hapo bado hatujagusa oksijeni yenyewe. Korona ilipoingia hesabu ya Kenya nzima ilikuwa vitanda 537 vya ICU na ventileta 256, gazeti na redio zote zikalia ventileta, ventileta. Mwaka 2025 ukatoka utafiti mkubwa wa nchi 22 za Afrika, kwenye hospitali 180, wakapima wagonjwa wote wa siku moja, na wakakuta mahututi wengi, kama saba kwa kumi, hawako ICU, wako wadi za kawaida, na kwa wale ambao kupumua kumefeli, walokuwa wamewekwa oksijeni hawakufika hata nusu. Oksijeni tu, ile ya mirija ya puani! Mtungi, mtambo, oksimita ya kila wadi na nesi wa kuitazama, hivyo vingeokoa watu wengi kuliko ventileta ilofungiwa chumbani kwa kukosa mtu wa kuiendesha.

Kwa familia ambayo mgonjwa wake ashawekwa tayari, swali la maana la kumuuliza daktari ni lini watamjaribu apumue mwenyewe. Utafiti wa Marekani wa 2008 ulionyesha kupunguza dawa ya usingizi kila siku, mgonjwa akaamka, halafu akaachiwa kidogo apumue mwenyewe, kunaondoa watu kwenye mashine mapema na hata baada ya mwaka walo hai ni zaidi. Na akitolewa msitarajie mtu yule yule siku hiyo hiyo. Sauti itakwaruza, paipu ilikuwa imepita hapo. Miguu haitamshika, misuli inayeyuka haraka mtu akilala. Na wengi huona vitu, anamzungumzisha mtu asiyekuwepo, anasema manesi wanataka kumuua, na hapa kwetu kabla hujageuka kuna mtu ashasema jini limempanda ICU, waitwe watu wa kusoma. Kusomewa dua hakuna ubaya. Lakini hali hiyo inajulikana, ni ubongo ulochanganyikiwa na ugonjwa, dawa na kukosa usingizi, na kwa wengi hupungua siku zikienda. Mpelekeeni miwani yake kama anavaa, mwambieni leo siku gani, aongeleshwe na mtu mmoja mmoja anayemjua, na mchana pazia lifunguliwe.